Trasi rodi imegoma, inalia au imekaa vibaya: anza na dalili

Malalamiko kuhusu trasi rodi (fimbo ya chuma inayokaa ndani ya shingo) kwenye gitaa la akustiki la kujitengenezea yanajirudia mno. Nimekaza haifanyi kitu, inachakacha ndani ya shingo, shingo imepinda upande usio wake, alenki (ule ufunguo wa pembe sita wa kuzungushia nati ya rodi) haifiki. Na karibu kila mara ukifuatilia unakuta chuma chenyewe ni kizima, tatizo ni mfereji uliochimbwa kwenye shingo, yani kina chake, upana wake, ulipoanzia na ulipoishia. Ndo maana nasisitiza sana watu wahangaike na rodi kabla ya kugandisha fretibodi (ule ubao wa juu ya shingo wenye freti), maana ikishaganda kila kosa dogo linadai moto na kisu cha kubandulia.

Jambo moja kwanza, coz linapotezea watu muda. Rodi ina kazi moja tu, kurekebisha mkunjo wa shingo kuanzia freti ya 1 mpaka pale shingo inapoingia kwenye bodi (kiwiliwili cha gitaa). Haishushi nyuzi zilizo juu kwa sababu pembe ya shingo ni mbaya, hairekebishi freti iliyochomoza, haigusi kabisa yale yanayotokea juu ya bodi. Pima hivi: gitaa likiwa limetuniwa, weka kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, bonyeza uzi wa sita pale shingo inapokutana na bodi (freti ya 14 kwa magitaa mengi), alafu ingiza fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya uzi na kichwa cha freti ya 6 au ya 7. Ukipata milimita 0.1 mpaka 0.25 shingo iko sawa, na kama nyuzi bado ziko juu basi iache rodi, tatizo liko kwenye sadoo ya daraja (kipande nyuzi zinapokalia kwenye bodi), kwenye mfupa wa nyuzi (kile zinapokalia upande wa kichwa) au kwenye pembe ya shingo.

Nakaza lakini shingo haisogei

Hii ndo dalili inayoongoza na ina sababu nyingi kwa hiyo twende taratibu.

Sababu ya kwanza sio hitilafu hata kidogo. Rodi inayofanya kazi pande zote mbili (inaweza kuipinda shingo mbele au nyuma) ina sehemu ya katikati ambapo nati inazunguka bure, haivuti wala haisukumi, na kwenye rodi nyingine sehemu hiyo ni pana. Zungusha polepole kwa vidole mpaka usikie inaanza kushika, hapo ndo hesabu yako ya robo mzunguko inaanza. Ukishazungusha robo tuni tena, acha shingo itulie, pima. Mbao nyingine zinajibu papo hapo na nyingine zinaendelea kusogea mpaka kesho yake, kwa hiyo ukikaza robo, robo, robo bila kupima katikati unaweza kulala na shingo nzuri ukaamka na shingo iliyobinuka.

Sababu ya pili, na hii ni ya ujenzi, mfereji una kina kuliko rodi. Mfano rodi ina kimo cha milimita 10 na wewe umechimba 11.5, hapo rodi inaelea. Ukikaza inapinda yenyewe humo ndani mpaka iguse fretibodi juu na sakafu ya mfereji chini, na ikija kugusa nati iko karibu kuisha. Kama fretibodi haijabandikwa dawa yake ni rahisi, chukua ukanda wa veneer (ubao mwembamba sana) au mbao ngumu upana ule ule wa mfereji, ulaze chini ya rodi au juu yake mpaka sehemu ya juu ya rodi iwe usawa mmoja na uso wa shingo. Hakikisha haichomozi, coz hata ikizidi unywele mmoja fretibodi itapanda juu ya chuma na mstari wa gundi utabaki wazi kando kando. Mimi napitisha rula ya chuma iliyonyooka juu ya mfereji, rula ikilala kwenye mbao pande zote mbili na rodi ikiwa inaigusa kwa mbali sana, hicho ndo kina nachotaka.

Tatu, shingo ngumu kupita kiasi. Kuna watu wanaweka fito mbili za kaboni kando ya rodi, shingo nene, fretibodi ya mpingo, alafu wanashangaa rodi haipindishi kitu. Pima kwanza, kama rilifu (ile nafasi uliyopima kwa fila geji) iko ndani ya kiwango na nyuzi zote zimefungwa basi huna tatizo, shingo yako inasimama yenyewe. Martin walitengeneza magitaa ya nyuzi za chuma miaka mingi yakiwa na chuma kisichorekebishika ndani ya shingo mpaka 1985 walipoanza kuweka rodi ya kurekebisha, na mengi ya hayo ya zamani yapo mpaka leo na yanapigika. Ugumu wa mbao ndo unaobeba mzigo wa nyuzi, ambao kwa seti ya nyuzi ya 12 (uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.012) ni zaidi ya kilo 70, rodi inasaidia tu kumalizia.

Nne, gundi imeingia kwenye thredi. Utajua kwa sababu nati ni nzito toka mwanzo na ukizungusha unahisi inaruka ruka. Ukiweza kuitoa nati (kwenye rodi nyingine haitoki), toa, safisha thredi kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo, rudisha. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu mle ndani, yanafyonzwa na mbao na yanaenda kuharibu gundi ya fretibodi.

Mwisho kabisa, na hii haitokei sana, thredi zimeliwa, weldi ya mwisho wa rodi imekatika, au kwa zile rodi za zamani za upande mmoja (zinazopinga mvuto wa nyuzi tu) kile kishikizo cha mwisho kimezama ndani ya mbao laini. Dalili ni kwamba nati inazunguka bila mwisho na haiongezi uzito, au ilikuwa inashika ukasikia "tak" alafu ikawa nyepesi ghafla. Hapo simama. Usiendelee kuzungusha ukitegemea itashika tena. Rodi inatakiwa itoke, na kuitoa maana yake ni kubandua fretibodi kwa joto, kazi ambayo kama hujawahi kuifanya basi mpelekee fundi anayeijua, kwa sababu shingo iliyochomwa au fretibodi iliyopasuka ni hasara kubwa kuliko rodi.

Shingo inapinda upande wa kinyume

Ukikaza kwa kulia, katikati ya shingo inatakiwa ipande kuelekea nyuzi, yani inapingana na mvuto wa nyuzi. Ikiwa inashuka, mara nyingi rodi imelazwa kifudifudi.

Usiamini picha wala alichosema jirani kwamba bapa inakaa juu au fimbo ya mviringo inakaa juu, rodi hazifanani. Jaribu mezani kabla ya kuiweka: shika rodi ikiwa imekaa kama itakavyokaa kwenye shingo, zungusha nati kulia kidogo tu, nusu mzunguko inatosha, alafu itazame kwa ubavu dhidi ya rula. Ikiinua mgongo kuelekea fretibodi iko sawa, ikiinamisha igeuze. Usiipindishe sana ikiwa nje ya shingo kwa sababu haina kitu cha kuizuia na unaweza kuiharibu kabla hata haijaanza kazi. Na ukishaona upande sahihi, chora mshale kwa penseli kwenye chuma, maana siku ya gundi mikono imejaa na akili imeruka ni rahisi sana kuigeuza tena.

Imeshaganda? Kama ni ya pande mbili bado inafanya kazi, ila utakuwa unakaza kwa kushoto. Bandika karatasi ndani ya bodi inayosema hivyo, sio jambo la aibu, ni kumwokoa atakayekuja kulirekebisha gitaa baada yako. Kama ni ya upande mmoja basi haina ujanja, kila ukikaza unazidisha mvuto wa nyuzi, lazima itoke.

Inachakacha au kulia ndani ya shingo

Kabla hujailaumu rodi, bonyeza kwa kidole kila kitu kingine kilicho kichwani huku uzi ukilia, nati za tuni, washa zake, vifuniko vya gia. Alafu gonga bodi kwa kiungo cha kidole kutafuta brasi (fito ya kuimarisha ndani ya bodi) iliyoachia. Tena kuna ule mlio wa uzi kupiga freti, ambao unabadilika ukihama freti, wakati mlio wa rodi unatokea kwenye noti fulani fulani hata kama unabonyeza sehemu tofauti.

Ukishahakikisha ni rodi, dawa ya kwanza ni kuikaza kidogo. Rodi ya pande mbili ikiachwa kwenye ile sehemu yake ya bure inacheza cheza, ikishika kidogo tu upande wowote mara nyingi kelele inaisha hapo hapo. Kwa hiyo hata shingo ikiwa nzuri bila msaada usiiache rodi imelegea kabisa.

Ikiendelea, mfereji ni mpana. Rodi nyingi ni milimita 6 au 6.35 (robo inchi), na watu wanachanganya biti hizo mbili. Biti ya 6.35 kwa rodi ya 6 inaacha nafasi ya kucheza, na kinyume chake unalazimika kuigonga rodi kwa nyundo ili iingie, ambayo ni mbaya vile vile coz inasukuma kuta za mfereji nje. Pima kwa kalipa, na usipime katikati tu, pima pia vile vibloku vya shaba vya mwisho na sehemu zilizowekwa weldi, mara nyingi ni vinene kuliko fimbo na vinahitaji kupanuliwa kwa patasi pale vinapokaa, sio mfereji mzima. Rodi inatakiwa iingie kwa kusukumwa na dole gumba na isidondoke ukigeuza shingo juu chini. Nyingine zinakuja na mpira mwembamba uliovishwa, huo usiutoe.

Kwa shingo ambayo bado iko wazi weka matone ya silikoni sehemu tatu nne ndani ya mfereji kabla ya kulaza rodi, alafu siku ya kubandika fretibodi funika mfereji kwa ukanda wa tepu ya karatasi, paka gundi kwenye mbao, subiri ishike kidogo, vuta tepu, ndo ubandike. Gundi haitaingia ndani. Na usipake gundi karibu kabisa na ukingo wa mfereji, klampu zitaisukuma yenyewe.

Shingo iliyokwisha kufungwa kuna mafundi wanatoa kidoti (ile alama ya duara) cha fretibodi, wanatoboa kitundu chembamba mpaka kwenye mfereji na kuingiza gundi kwa sindano, alafu wanarudisha kidoti. Inafanya kazi, lakini ukikosea sehemu unaigandisha nati moja kwa moja. Hiyo iache kwa mwenye uzoefu.

Shingo ina nundu sehemu moja badala ya mkunjo laini

Hapa ndo swali la rodi ikae wapi linapoonekana kwa macho. Chukua skeli (urefu wa uzi toka mfupa mpaka sadoo) ya milimita 645, freti ya 14 iko kama milimita 358 toka kwenye mfupa wa nyuzi, na freti ya 6 iko kama 189. Rodi ikianzia kwenye mfupa na kuishia freti ya 14, katikati yake inaangukia karibu na freti ya 6, ndo hapo hapo tunapopimia rilifu, na mkunjo unatoka laini. Sasa chukua rodi fupi ya milimita 300 uisogeze yote upande wa kichwa, inaishia kabla ya freti ya 12, alafu kile kipande cha freti ya 11 mpaka 14 hakina msaada na nyuzi zinakivuta. Ukikaza unapata shingo ya nyoka, imebinuka freti ya 4 na imezama freti ya 12.

Anza kwa kuangalia freti zenyewe, iliyochomoza inaweza kukudanganya. Weka rula juu ya mbao ya fretibodi, katikati ya freti, sio juu ya freti. Kama mbao imenyooka basi ni suala la freti. Kama nundu iko freti ya 14 na kuendelea, mara nyingi sio rodi, ni ulimi wa fretibodi unaopanda juu ya bodi, au kiungo cha kisigino (pale shingo inapoungana na bodi) kilichoachia.

Nundu ikiwa kweli ni ya rodi fupi na gitaa limeshaisha, njia ya kistaarabu ni kuweka rodi kwenye hali inayoleta unyoofu wa wastani, kung'oa freti, kunyoosha fretibodi kwa kitalu cha msasa, kufunga freti upya. Inakula unene wa fretibodi kwa hiyo pima kwanza kama upo wa kutosha.

Na shingo iliyobinuka nyuma hata kabla ya nyuzi kufungwa? Hiyo ni gundi ya maji. Fretibodi inalowa upande mmoja, inavimba, inapinda. Iache ikauke siku kadhaa kabla ya kuipiga randa tena, sehemu ya mpindo huwa inarudi yenyewe, na rodi ya pande mbili itamalizia iliyobaki. Ya upande mmoja haiwezi kusaidia hapa, ndo sababu kwa anayeanza napendekeza ya pande mbili bila kusita.

Alenki haifiki kwenye nati

Kama unarekebishia kwenye tundu la sauti, njia ya alenki inapita chini ya fretibodi, katikati ya brasi kubwa iliyo juu ya tundu, mpaka kwenye bloku ya shingo. Kwenye hiyo skeli ya 645 toka ukingo wa tundu mpaka freti ya 14 ni milimita 80 hivi, kwa hiyo alenki fupi ya kawaida haitoshi, na kitundu cha brasi kinatakiwa kipitishe alenki bila kugusa, kipenyo cha milimita 10 kinafaa. Kitoboe wakati brasi iko mezani. Wengi wanakumbuka bodi ikishafungwa, wanaingiza drili kwa pembe, na brasi ile ndo inayozuia uso wa gitaa usibonyee chini ya fretibodi, ukiikata vibaya utalipia.

Alenki ikifika lakini haikai vizuri, ingiza taa na kioo kidogo uone. Mara nyingi ni gundi au vumbi limejaa kwenye tundu la nati, likwangue kwa sindano nene. Ikiwa nati imezama ndani ya bloku kuliko ulivyopanga, alenki ndefu yenye kichwa cha duara inasaidia kuingia kwa pembe, ila usikaze nayo kwa nguvu, kichwa cha duara kinashika eneo dogo na kinakula kona za nati. Hakikisha pia sio saizi isiyo yake, ya inchi kwenye nati ya milimita inaingia vizuri tu na inaharibu kimya kimya. Kona zikishakuwa mviringo usigonge kitu mle ndani, mtafute fundi.

Urekebishaji wa kichwani una urahisi wake lakini una gharama. Kile kishimo cha nati unakichimba nyuma ya mfupa wa nyuzi, sehemu ambayo tayari ni nyembamba kuliko zote na ndiyo inayovunjika gitaa likianguka. Fanya kishimo kidogo kadri alenki inavyoruhusu na uache mbao chini ya mfupa ili usikae hewani.

Mstari au ufa mgongoni mwa shingo

Hapa usizungushe kitu chochote. Legeza nyuzi, legeza rodi, ndo uanze kuangalia.

Sababu kubwa ni hesabu ya unene. Shingo freti ya 1 ikiwa milimita 21 jumla na fretibodi ni 6, mbao imebaki 15. Mfereji wa 11 unaacha 4 tu mgongoni. Alafu wakati wa kuchonga mkono unanogewa, unashuka mpaka 19.5, umebakiwa na 2.5, na pale shingo inapopinda kwenda kichwani huenda ni pungufu zaidi. Rodi ikikazwa inasukuma ile sakafu nyembamba na mbao inaanza kuonyesha mstari. Mimi sishuki chini ya 3.5 na nachora kina cha mfereji kwa penseli ubavuni mwa shingo kabla sijagusa kisu, ili niuone muda wote nachonga.

Kwenye kuchimba, ruta (mashine ya kuchimbia mfereji) ipite mara kadhaa, milimita 3 kila mara, ukiwa na kiongozi cha kuinyoosha pande zote mbili. Kupiga kina chote mara moja kunaivuta biti pembeni na chini.

Jaribu kwa ukucha, ukipita juu ya mstari na usihisi kitu inaweza kuwa ni alama ya rangi au ya nyuzinyuzi za mbao. Ukucha ukikwama, au mstari ukifunguka ukibonyeza, ni ufa. Ufa mfupi uliofungwa vizuri unaweza kuingizwa gundi nyembamba na kubanwa, lakini ukifika kichwani au ukiwa sambamba na rodi kwa urefu wa freti kadhaa usifunge nyuzi tena mpaka fundi aione, shingo ikiachia ikiwa na mvuto wote ule inaumiza mtu.

Shingo imejisokota upande mmoja

Uzi wa kwanza uko sawa na wa sita uko juu, au kinyume. Mfereji uliotoka nje ya mstari wa kati kwa milimita moja huwa hauleti hivyo, ni mbao yenyewe, kipande chenye nyuzinyuzi zilizokatika kwa mshazari au kisichokauka vizuri. Rodi inavuta katikati tu, haina namna ya kusokota. Msokoto mdogo unaondolewa kwa kunyoosha fretibodi kabla ya kufunga freti. Mkubwa unaoonekana kwa jicho ukitazama toka kichwani, shingo hiyo ibadilishe, na kama kiungo chako ni cha bolti basi kazi sio kubwa.